Profesa Dike na Akiba ya Nyaraka

Taifa lisilotunza kumbukumbu zake husomeshwa historia yake na wengine. Jambo hili alilifahamu mapema marehemu Profesa Kenneth Onwuka Dike wa Nigeria, ambaye maisha yake tumeona yafaa kuyaeleza leo kwa faida ya wananchi wa visiwa vyetu na watumishi wa Serikali.

Dike alizaliwa Awka mwaka 1917. Alisoma Fourah Bay, Sierra Leone, kisha Aberdeen na London, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1950. Zama hizo historia ya Afrika iliyosomeshwa vyuoni ilikuwa zaidi habari za magavana, wamisionari na wafanyabiashara wa Kizungu. Yeye aliandika juu ya biashara na siasa za delta ya mto Niger, akizipima simulizi za wenyeji pamoja na hati za mkoloni. Kitabu chake kilitoka mwaka 1956.

Alipokwenda kufundisha katika chuo cha Ibadan, wakati huo kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, alitambua kwamba hakuna somo pasipo nyaraka. Alizikagua ofisi za Serikali, akakuta majalada yakiharibiwa na wadudu na unyevu. Hakuishia kulalamika. Aliandika ripoti, na mwaka 1954 ikaundwa idara ya nyaraka, naye akawa mkuu wake wa kwanza.

Mwaka 1960 akawa Mnigeria wa kwanza kukiongoza chuo hicho, ambacho mwaka 1962 kilikuwa chuo kikuu kamili. Chini ya uongozi wake ilianzishwa Taasisi ya Taaluma za Kiafrika, na mwaka 1964 kituo cha kukusanya miswada ya Kiarabu, kwani wanavyuoni wa kaskazini walikuwa wakiandika karne kadhaa kabla ya utawala wa Mwingereza.

Machafuko ya mwaka 1966 yalimtoa Ibadan. Aliitumikia Biafra, akafundisha Harvard, hatimaye akarejea kwao na kufariki mwaka 1983. Nyaraka alizoziokoa zimebaki zikisomwa.

Fundisho kwetu ni dhahiri. Mkuu wa ofisi asiruhusu jalada kuukuu lichomwe kwa sababu tu limejaa vumbi. Alipeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani. Mwenye miswada ya wazee wake sandukuni airuhusu inakiliwe. Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kuvidai vyuo vikuu vyetu viwasomeshe vijana habari zetu kwa ushahidi wetu wenyewe.