Salamu Iliyomliwaza Ibn Battuta

Kila nimwonapo mgeni kajitenga pembeni mwa msikiti, humkumbuka Ibn Battuta. Alitoka kwao Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, peke yake, nia yake Hija. Msafara ulipofika Tunis, watu walitoka kuwalaki wenziwe. Yeye hakupata salamu hata moja, akalia. Mwenzake mmoja akatambua, akamwendea, akamliwaza mpaka wakaingia mjini. Alipoondoka Tunis alikuwa kadhi wa msafara.

Mwaka 1331 akafika Mogadishu kwa chombo. Vijana wa huko waliwatokea wageni baharini na sahani za chakula, kila mmoja na mfanyabiashara wake wa kumkaribisha nyumbani. Yeye, kwa uanachuoni wake, akapelekwa kwa kadhi. Mombasa, nasikitika, alilala usiku mmoja tu.