Imamu Al-Ghazali na Nguzo za Hoja

Imamu Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa mjini Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 450 wa Hijra (1058). Baba yake alifariki yeye na nduguye Ahmad wangali wadogo, wakalelewa na rafiki wa baba yao. Alisoma Nishapur kwa Imamu Al-Juwayni, na mwaka 1091 Waziri Nizam al-Mulk akamweka kuwa mwalimu wa chuo cha Nizamiyya, Baghdad.

Wengi waliichukia ilimu ya mantiki kwa kuwa asili yake ni Wayunani. Yeye aliiona kuwa ni mizani ya akili, akaitanguliza katika kitabu chake cha usuli, Al-Mustasfa. Humo alionyesha kwamba, ikiwa kila kilevi ni haramu, na nabidhi ni kilevi, basi nabidhi ni haramu. Kauli mbili za kwanza ndizo mukadima, yaani nguzo. Ya tatu ndiyo natija. Mtu akiongeza kwamba nabidhi hutengenezwa kwa tende, au kwamba wakubwa fulani huinywa, hizo ni habari tu. Ziondoe, natija itasimama. Ondoa nguzo moja, nyumba yote huanguka.

Imamu aliona makundi mawili yakipotea hapo. Wa kwanza waliona wanafalsafa ni hodari wa hesabu, wakadhani na maneno yao juu ya Mungu ni ya hakika vilevile. Wa pili walidhani kuinusuru dini ni kukanusha hesabu ya kupatwa kwa jua na mwezi, kwa kuwa imesemwa na wanafalsafa. Wote walimtazama msemaji, wakaiacha hoja. Yeye alisema kwamba hata mtu akigeuza fimbo kuwa nyoka ili kuthibitisha kuwa tatu ni zaidi ya kumi, angeustaajabia uwezo wake, wala asingeshuku kuwa kumi ni zaidi.

Mizani hiyo aliitumia hata juu ya nafsi yake. Sifa zake zilienea, lakini hakuzifanya kuwa dalili ya nia safi. Alipojichungua akaona anafundisha kwa kutafuta jaha. Mwaka 1095 aliacha cheo akaenda Sham. Baadaye alirudi kufundisha Nishapur, akafariki Tus mwaka 505 wa Hijra (1111).

Basi ndugu zetu, tunapohitilafiana barazani, tuulize kwanza nguzo za hoja ni zipi, kabla ya kutazama ukubwa wa kilemba cha msemaji.