Mtawa Aliyetunga Michezo

Sista Juana Inés de la Cruz wa Mexico aliingia utawani mwaka 1669 kwa kuwa hakuitaka ndoa hata kidogo, na kwa kuwa humo aliweza kusoma. Alikusanya vitabu vingi, akatunga mashairi na michezo ya kuigiza. Katika mchezo wake uliochezwa mwaka 1683, mtumishi wa kiume avaa nguo za kike, na bwana mmoja ambembeleza kwa mapenzi asijue. Watazamaji walipata la kuchekea, na wanaume la kufikiri.

Mwaka 1690 Askofu wa Puebla alichapisha maandishi ya Sista huyu juu ya hotuba ya padre mmoja, bila idhini yake. Kisha akamwonya apunguze elimu ya dunia, akijificha nyuma ya jina la mtawa wa kike. Hapo, twasema wazi, Askofu hakutenda haki.

Juana alijibu mwaka 1691, kwa adabu lakini pasipo kulegea: mwanamke naye amepewa akili na Mungu, na wanawake wazee wenye elimu wafaa kuwafundisha wasichana. Baadaye aliachana na vitabu vyake. Alifariki tarehe 17 Aprili, 1695, kwa maradhi ya kuambukiza aliyoyapata akiwauguza watawa wenzake.