Frederick Lanchester na Breki za Diski

Sisi tukaao kando ya Ziwa Mweru twaijua shaba. Mgodi wa Dikulushi ulipofunguliwa upande wa Kongo mwaka wa 2002, shaba yake ilivushwa kwa pantoni kutoka mji wa Kilwa, wenye jina moja na kisiwa chetu, mpaka Nchelenge. Lakini si wengi wajuao kwamba breki za diski za kwanza zilikuwa na pedi za shaba, na kwamba shaba hiyo ilimtia mvumbuzi wake taabuni. Mtu huyo ni Frederick Lanchester, Mwingereza.

Alizaliwa London tarehe 23 Oktoba 1868, mtoto wa msanifu wa majumba. Alisomea uhandisi lakini hakupata shahada. Akaenda Birmingham kufanya kazi katika kiwanda cha injini za gesi. Mwaka wa 1896 motokaa yake ya kwanza ilitembea barabarani, na mwaka wa 1899 yeye na ndugu zake wakaanzisha kampuni. Kampuni ilifilisika mwaka wa 1904, ikaundwa upya. Fedha hazikumpenda mtu huyu.

Mwaka wa 1902 alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa breki: diski nyembamba ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili zinazoibana huku na huku, kama mtu abanavyo sahani kwa vidole. Fikira ilikuwa njema kabisa. Ila pedi za shaba zilipiga kelele mno zikisugua chuma, tena vumbi la barabara zisizo na lami lilizila upesi. (Haikuwa shaba ya kwetu. Wazee wa Katanga waliiyeyusha tangu karne nyingi, lakini migodi mikubwa ya Wazungu ilikuwa bado.) Mwaka wa 1907 Herbert Frood alitumia asbesto badala yake, kelele zikatulia, ingawa baadaye ilijulikana kwamba vumbi la asbesto huharibu mapafu.

Kutetemeka kwa vyombo kulimshughulisha sana Lanchester. Alitengeneza kifaa cha kutuliza mtetemo wa krenki ya injini. Akaandika vitabu viwili juu ya kuruka angani, mwaka wa 1907 na 1908. Tena mwaka wa 1927 aliunda motokaa iendeshwayo kwa petroli na umeme pamoja. Imehifadhiwa katika makumbusho huko Birmingham.

Hapo ndipo habari zake zinapogusa magari ya leo. Motokaa ya umeme hupunguza mwendo kwa mota yake, nayo mota hurudisha umeme betrini. Basi pedi hazigusi diski mara kwa mara, na diski hushika kutu, hasa penye unyevu kama ufukweni mwetu. Kutu hula mahali pamoja kuliko pengine. Unene wa diski ukitofautiana hata kwa sehemu chache za mia za milimita, ukikanyaga breki usukani hutetemeka.

Fundi hodari hakimbilii dukani. Kwanza huiendesha: motokaa ikipunguza mwendo kwa mota tu bila kutetemeka, kisha ikatetemeka akanyagapo breki, kosa laelekea kuwa katika diski au pale inaposhikizwa. Usukani ukitikisika, huanza kutazama mbele. Kiti kikitikisika, nyuma. Hupima unene wa diski kwa maikromita mahali kadhaa, na husugua kitovu cha gurudumu, kwa kuwa kutu kidogo hapo yatosha kuiinamisha diski. Diski ikiwa ingali nene huchongwa. Ikiwa imepungua chini ya kipimo kilichoandikwa juu yake, hubadilishwa yeye na mwenziwe wa upande wa pili, na nati zote hukazwa kwa nguvu sawa. Baada ya hapo dereva akanyage breki kwa nguvu mara moja moja, penye barabara tupu, ili kutu isirudi.

Lanchester mwenyewe hakuyaona matunda ya breki zake. Uzeeni macho yalififia, fedha zikamwishia, hata akaishi nyumbani kwake kwa msaada wa wengine. Alifariki Birmingham tarehe 8 Machi 1946. Miaka 7 baadaye, mwaka wa 1953, Jaguar yenye breki za diski ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, na viwanda vingine vikaanza kuzifuata.