Siti binti Saad: Kuanza Upya si Aibu

Imo katika jamii yetu dhana kwamba mtu aliyepita miaka thelathini bila ya elimu, mali wala cheo amekwisha kupitwa na wakati. Darasani huwaona watu wazima wakiketi nyuma kwa haya, kana kwamba wamewapokonya vijana nafasi zao. Kwa ajili yao napenda kuyakumbusha maisha ya Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo uliotokana na watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mnamo 1897, alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa. Hakupata kwenda shule. Alichorithi nyumbani ni kazi ya ufinyanzi, na riziki yake aliitafuta kwa kubeba vyungu hadi mjini na kuvinadi kwa sauti.

Mnamo 1911, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, aliihama Fumba akaenda kuishi mjini. Hakuwa na ukoo wa kujivunia wala mlezi mwenye jina. Alikuwa na sauti tu, na imani kwamba Mola hakumpa sauti ile kwa ajili ya vyungu peke yake. Ali Muhsin, mpigaji udi, alimkubali na kumfundisha uimbaji. Mwanamke mzima alikubali kuwa mwanafunzi, na hapo ndipo ninapouona ujasiri wake wa kwanza.

Ujasiri wa pili ulihusu lugha. Taarabu iliyoingia katika kasri tangu enzi ya Sultani Barghash ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akaifikisha kwa watu wa Ng'ambo, walioyasikia humo mambo yao wenyewe: mapenzi, kejeli, na dhuluma za mahakama, kama katika wimbo wake juu ya Kijiti, mwuaji aliyetoroka. Wapo waliomdhihaki kwa sura na nasaba yake. Aliwajibu kwa wimbo, akieleza kuwa uzuri wa umbo si hoja mbele ya akili na tabia njema.

Mwaka 1928, alipokuwa akikaribia miaka hamsini, alivuka Bahari ya Hindi hadi Bombay kurekodi santuri. Santuri hizo zilienea pwani na bara, zikathibitisha kuwa Kiswahili kilistahili kusikika popote. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu, heshima ambayo wengi waliomcheka hawakuipata.

Sisi tunaoishughulikia lugha hii tuna deni kwake. Lakini funzo lake linawahusu wengi zaidi: mjane anayefungua kibanda, mfanyakazi aliyeachishwa kazi, mama anayerudi kusoma baada ya kulea. Siti hakungoja hofu imwishe ndipo aondoke Fumba, wala hakuhakikishiwa na mtu yeyote kwamba mji ungempokea. Aliondoka na kile alichokuwa nacho, akakubali kufundishwa.

Basi anayeketi nyuma kwa haya na asogee mbele. Umri si kosa la kuombewa radhi.