Florence Nightingale: Tuiweke Taa Kando

Ukisikia jina la Florence Nightingale bila shaka unaikumbuka ile taa yake. Sawa, taa alikuwa nayo. Lakini leo hebu tuiweke kando kidogo.

Bibi huyu alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, mjini Florence, Italia, ndiyo maana akapewa jina hilo. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Alipotaka kuwa mwuguzi, mama na dada yake walikuja juu, kwani siku hizo kazi hiyo ilidhaniwa ni ya walevi. Alingoja miaka mingi mpaka 1851 alipopata mafunzo ya muda mfupi huko Kaiserswerth, Ujerumani.

Mwaka wa 1854, wakati wa vita vya Crimea, alipelekwa Scutari, Uturuki, pamoja na wauguzi 38. Lo! Hospitali ilinuka uvundo. Askari walikufa kwa kipindupindu na kuhara kuliko kwa risasi. Wengi husimulia kwamba aliyamaliza hayo kwa mikono yake. Sivyo. Vifo vilipungua sana baada ya tume ya afya kufika Machi 1855 na kusafisha mitaro ya maji machafu. Yeye mwenyewe aliuelewa vizuri ukweli huo aliporudi Uingereza na kuzichambua takwimu akisaidiwa na William Farr. Kukiri jambo kama hilo si mchezo, hasa ukiwa umekwisha kusifiwa nchi nzima!

Kuna jambo jingine. Maafisa waliwaona askari kuwa walevi wasiofundishika. Yeye aliwafungulia vyumba vya kusomea, akawatengenezea njia ya kutuma pesa nyumbani. Nao wakazituma kweli.

Kitabu chake cha uuguzi cha 1859 aliwaandikia hasa wanawake wa kawaida wanaotunza watu majumbani. Aliwahimiza wafungue madirisha, wanawe, wamchunguze mgonjwa anakula nini. Kwake yeye, maumbile ndiyo yanayoponya; mwuguzi huyapa nafasi tu. Mwaka wa 1860 shule yake ya wauguzi ikaanza katika hospitali ya St Thomas's, London. Wazo lililo jirani na hilo liliandikwa kinaganaga mwaka wa 1971 na Mmarekani Dorothea Orem katika nadharia ya kujitunza: mwuguzi amfanyie mgonjwa yale asiyoyaweza, na amfundishe ayaweze. (Bwenini kwetu kuna mtu akiumwa na kidole tu anataka kulishwa uji kitandani. Jina silitaji.)

Cha ajabu, mwalimu huyo mwenyewe alikuwa mgonjwa. Homa ya Crimea ilimwandama, na tangu 1857 alishinda chumbani miaka na miaka. Huko huko kitandani aliandika barua maelfu, wakubwa wa serikali wakawa wanamfuata yeye. Alishauri hata juu ya afya ya watu wa India, na India hakufika.

Uzeeni alipofuka. Mwaka wa 1907 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya Order of Merit. Alikufa tarehe 13 Agosti, 1910, akiwa na miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey. Kaburi liko East Wellow, na limeandikwa herufi mbili tu za jina lake na tarehe za kuzaliwa na kufa kwake.