Michael Faraday: Mzee wa Kanisa na Koili ya Waya

Soma Zaburi 111:2, Yohana 13:14, 1 Petro 5:5, 6.

Sabato asubuhi mjini Tunduma, mhubiri hushika kipaza sauti, na waliokaa nyuma kabisa humsikia. Ndani ya vipaza sauti vingi vya mkononi kuna utando mwembamba ulioshikamana na koili ndogo ya waya, na koili hiyo imezungukwa na sumaku. Sauti inausukuma utando, koili inatikisika mbele ya sumaku, na umeme kidogo unazaliwa. Umeme wa TANESCO ukikatika, shemasi huvuta kamba ya jenereta iliyo nje, na humo pia koili na sumaku hupishana kwa kasi. Mtu aliyegundua jambo hili alikuwa mzee wa kanisa dogo sana jijini London.

Michael Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mgonjwa. Mwaka 1801, bei ya nafaka ilipopanda, kijana huyo alipewa mkate mmoja uliopaswa kumtosha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa George Riebau, fundi wa kujalidi vitabu, na huko alikaa miaka saba. Vitabu vilivyoletwa kujalidiwa alivisoma pia. Kimojawapo, ensaiklopidia, kilikuwa na makala kuhusu umeme.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa dukani alimpa tiketi za kusikiliza mihadhara ya mwanakemia mashuhuri, Humphry Davy. Faraday aliandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mikono yake, akampelekea Davy. Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya Royal Institution kwa shilingi 25 kwa juma na vyumba viwili vya kuishi. Miaka 10 baadaye jina lake lilipopendekezwa kwa Royal Society, aliyempinga alikuwa Davy huyo huyo. Faraday aliingia, na hakuacha kumheshimu mwalimu wake.

Familia yake ilikuwa ya Wasandemani, Wakristo wachache waliofuata mafundisho ya John Glas wa Uskoti na mkwewe Robert Sandeman. Hawakuwa na wachungaji wa kulipwa. Wazee ndio waliohubiri. Walishana miguu, kama sisi tufanyavyo kabla ya Meza ya Bwana. Walikusanyika siku ya kwanza ya juma, na hapo tunatofautiana nao, lakini walilichukua Neno kama lilivyoandikwa kwa namna inayoweza kutuaibisha. Mathayo 6:19, kwa mfano, waliielewa kuwa inakataza kweli kweli kujilimbikizia mali. Mwaka 1821 Faraday alimwoa Sarah Barnard, binti wa kanisa hilo, na mwezi uliofuata akakiri imani yake mbele ya ndugu.

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark alikuwa ameonyesha kwamba umeme unaopita katika waya huusogeza mshale wa dira. Ikiwa umeme huleta nguvu ya sumaku, je, sumaku haiwezi kuleta umeme? Faraday alijaribu mara kwa mara kwa miaka kadhaa bila kupata jibu.

Agosti 29, 1831, alichukua pete nene ya chuma, upana wake kama sentimita 15, akazungusha koili mbili za waya wa shaba, moja kila upande, bila kugusana. Ya kwanza aliiunganisha na betri. Ya pili aliipitisha karibu na mshale wa dira. Alipounganisha betri, mshale uliruka, kisha ukatulia, ingawa umeme uliendelea kupita katika koili ya kwanza. Alipoitenganisha betri uliruka tena, safari hii upande wa pili. Oktoba 17 alitumia sumaku peke yake: akiiingiza ndani ya koili, mshale unaruka; akiiacha imetulia humo, hakuna kitu; akiichomoa, unaruka. Siri ilikuwa hapo. Sumaku iliyotulia haitoi chochote, hata iwe na nguvu kiasi gani. Nguvu yake inapoongezeka au kupungua ndani ya koili, ndipo umeme huzaliwa.

Pete ile ndiyo mama wa transfoma zinazoning'inia kwenye nguzo kutoka Vwawa hadi mpakani. Mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, yenye uwezo wa megawati 2,115, hufuata kanuni ileile, maji yakizungusha sumaku kubwa ndani ya koili. Faraday hakuomba hati ya kujimilikia ugunduzi huo, na hakupata fedha kutokana nao.

Mwaka 1840 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Machi 1844, wakati jina lake lilikuwa linajulikana Ulaya nzima, yeye na washiriki wengine waliondolewa katika ushirika kutokana na mgogoro wa ndani. (Waadventista tunaukumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine.) Desturi yao ilikuwa kali: aliyeondolewa mara ya pili kwa kawaida hakurudishwa tena. Angeweza kuondoka. Makanisa makubwa ya London yangempokea kwa furaha, na wengi walishangaa kwamba mtu kama yeye anakaa na mafundi na wachuuzi. Alirudi kwa ndugu zake. Mwezi Mei walimpokea, lakini bila uzee wa kanisa. Kwa miaka 16 alikaa kama mshiriki wa kawaida akiwasikiliza wengine wakihubiri, hadi alipochaguliwa tena mwaka 1860.

Jadilini darasani: Baraza la kanisa lenu linapomchukulia hatua mtu anayeheshimiwa na mji mzima, ni nini humsaidia kubaki? Na ninyi mnaobaki ndani mna wajibu gani kwake?

Alikataa kupewa cheo cha heshima na Malkia, na alikataa kuwa rais wa Royal Society. Nyumba ya kuishi uzeeni, aliyopewa na Malkia huko Hampton Court, aliikubali. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kupotea. Alikufa Agosti 25, 1867, akiwa ameketi kitini. Alizikwa Highgate, na jiwe la kaburi lake lina jina na tarehe mbili.